Taa ya Kijani na Mkono Unaosita

Sekunde ya 41.

Bodi ya gari imening'inia juu ya kichwa, krosmemba, ile boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari, imeinuliwa na kukaa mahali pake, na mashine ya kufungia inamalizia bolti ya tatu kati ya nne. Inazunguka, inakaza, inanyamaza. Kwenye kisanduku kilichofungwa nguzoni taa inawaka kijani: nyutonimita 110 za nguvu ya kuzungusha, sawa. Kompyuta imeshaiandika namba hiyo kwenye rekodi ya gari, nayo itakaa humo miaka mingi baada ya gari kuuzwa.

Lakini kiganja kimesikia kitu. Bolti ilianza kuwa nzito mapema kuliko kawaida, ikapanda kwa ubishi badala ya kuteleza, na mwisho wake haukuwa ule wa ghafla ambao mkono umeuzoea.

Gari linatembea. Zimebaki sekunde 19 litoke kituoni.

Swali lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni hili: mtu aliyefanya kazi ya kuunganisha magari kwa miaka mingi, taa ikimwambia ndiyo na mkono ukimwambia hapana, asikilize kipi?

Jibu la haraka ni mkono. Nami niliegemea huko mwanzoni. Sasa sina uhakika kuwa ni jepesi hivyo.

## Toki si nguvu ya kubana

Anayefunga bolti hatafuti toki. Anachotafuta ni bolti inyooke kidogo kama springi, ivibane vipande viwili visiweze kuachana gari likipita kwenye mashimo. Toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ni njia tu ya kukisia kama hilo limetokea.

Na makisio hayo yana upotevu mkubwa. Kwa bolti ya kawaida, karibu nusu ya nguvu unayozungushia huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti. Kiasi cha asilimia 40 huliwa na msuguano wa nyuzi, ile mistari iliyochongwa kuizunguka bolti. Kinachobaki kwa kazi yenyewe ya kubana ni karibu asilimia 10.

Ukilielewa hilo, mambo mengi ya kiwandani yanafunguka. Tone la mafuta kwenye nyuzi hupunguza msuguano, basi kwa toki ileile bolti hubana zaidi ya ilivyokusudiwa, na huenda ikanyooka hadi isirudi. Kutu, rangi au uchafu hufanya kinyume: toki inatimia, kubana hakupo.

Mbaya kuliko zote ni bolti iliyoingia upande. Nyuzi zake hazifuati nyuzi za nati, zinachonga njia yake kwa nguvu, na msuguano unapanda haraka. Mashine inafika 110 wakati kichwa cha bolti ndiyo kwanza kinakaribia chuma. Taa inawaka kijani. Haijasema uongo, maana iliulizwa kuhusu toki, ikajibu kuhusu toki.

Mashine nzuri hupima na pembe, yaani bolti imezunguka kiasi gani. Chukua bolti ya M12 ambayo nyuzi zake zimepishana kwa milimita 1.25, na inayotakiwa kuingia milimita 20. Hiyo ni mizunguko 16. Ikifika toki kamili kwenye mzunguko wa tisa, kuna jambo, na mashine iliyopangwa vizuri itakataa.

Tatizo ni kwamba bolti huanzishwa kwa vidole. Mmoja anaizungusha mara mbili, mwingine mara nne, ndipo mashine inapoingia. Hesabu ya mizunguko inatofautiana kati ya mtu na mtu, na ili mashine isikatae bolti nzima kila baada ya dakika chache, mipaka yake inapanuliwa. Ndani ya upana huo ndimo bolti mbovu hupita.

## Kwa nini iingie upande hata kidogo

Hapa ndipo uzoefu unapoanza kuonekana, kwa sababu mgeni huona bolti imekataa na kuilaumu bolti.

Mwenyeji huangalia nyuma. Nati ile imechomelewa kwenye bodi huko karakana ya kuchomelea, na cheche moja iliyorukia ndani ya nyuzi inatosha kuipindisha bolti. Kisha bodi nzima ilizamishwa kwenye birika la rangi ya kwanza, ile inayovutwa na umeme hadi ikashika kila kona, ikaingia oveni ya nyuzi joto zaidi ya 160. Utando wake ni mwembamba, kama sehemu ya hamsini ya milimita, lakini ukijikusanya ndani ya nati unaifanya bolti iwe nzito tangu mzunguko wa pili. Au kamba ya kuinulia krosmemba imelegea upande mmoja, tundu halijakaa sawa na tundu, na bolti inaingia imeinama bila mwenyewe kujua.

Sababu ya nne ndiyo ya kawaida kuliko zote: mtu ameiweka bolti kwenye mashine na kuianzisha hukohuko, badala ya kuianzisha kwa vidole. Ameokoa sekunde tatu.

Vidole vinajua bolti ikiingia upande ndani ya nusu mzunguko. Mashine haijui hadi mwisho, na wakati mwingine hata mwisho haijui.

## Konekta iliyokaa nusu

Bolti siyo peke yake. Wanaofanya kazi ndani ya gari, kwenye dashibodi na viti, wana kijani chao cha kuogopa.

Konekta, yaani kiunganishi cha nyaya, ya mfuko wa hewa unaofutuka gari likigonga huunganishwa kwa hatua tatu: isukume, isikilize, ivute. Isukume mpaka ilie, kisha ivute kidogo kuhakikisha haitoki. Baada ya hapo kuna kufuli ya pili, kipande kidogo cha plastiki chenye rangi, ambacho hakiwezi kusukumwa hadi mwisho kama konekta haijaingia kikamilifu.

Konekta iliyoingia robo tatu inagusana. Umeme unapita. Kompyuta ya ukaguzi mwishoni mwa laini ya kuunganishia magari inauliza kama mfuko wa hewa upo, inajibiwa upo, gari linaondoka. Baada ya miezi ya mtikisiko, vipini vinasuguana, vinafanya kutu nyembamba mahali vinapogusana, na siku moja taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi mbele ya mtu ambaye hana habari yoyote na siku ile.

Na ile hatua ya kusikiliza? Kiwanda kina kelele. Mahali penye desibeli 85 na zaidi watu huvaa vizibo vya masikio, kama inavyopasa. Basi mlio wa konekta hausikiki kwa sikio, husikika kwenye ncha ya kidole gumba. Mpigo mdogo, mkavu. Mwalimu anayemfundisha mgeni "sikiliza" bila kumwambia asikilize kwa kidole hajamfundisha.

Nenda karakana ya bodi, kabla ya rangi, utaona jambo hilohilo limefanywa kuwa kazi kamili. Mkaguzi anavaa glavu nyembamba ya pamba na kupitisha kiganja kizima juu ya mlango, mkono umelala, kwa mwendo mrefu usiokatika. Hatumii ncha za vidole. Chuma bado hakina mng'ao, kwa hiyo jicho halioni bonde wala kilima. Mkono unakamata bonde ambalo kina chake hakifiki sehemu ya kumi ya milimita. Lisipokamatwa hapo, litaonekana vizuri sana baada ya rangi kung'aa, na kulirekebisha wakati huo ni kupiga msasa na kupaka upya mlango mzima.

Glavu ina kazi mbili. Inakinga mkono na kingo za chuma, na inaondoa mnato wa ngozi ili kiganja kiteleze na kusikia umbo tupu.

## Lakini mkono nao hukosea

Nilikuwa tayari kuishia hapo, na makala haya yangekuwa ya kusifu mikono. Hesabu ndiyo iliyonizuia.

Zamu ya dakika 480, ukitoa 20 za mapumziko, inabaki na 460. Kiwanda kikitaka magari 460 kwa zamu, kila gari linapata dakika moja kituoni. Bolti nne kwa gari ni bolti 1,840 kwa zamu. Kwa siku 220 za kazi, ni bolti 404,800 kwa mwaka. Kwa miaka 10, zaidi ya milioni nne.

Hakuna akili inayohudhuria bolti milioni nne.

Mwili hujifunza kazi na kuifanya peke yake, na hilo ndilo linalomfanya mzoefu aonekane hana haraka. Ndilo pia linalomfanya aweze kuruka bolti nzima na kuapa kwamba aliifunga. Mgeni husahau kwa sababu hajui. Mzoefu husahau kwa sababu anajua mno: anakumbuka bolti ya gari lililotangulia akidhani ni ya hili.

Kosa hili lina mlango wake mmoja mkubwa, nao ni kukatizwa. Mtu anaulizwa swali akiwa kwenye bolti ya pili, anajibu, anarudi kwenye ya nne. Dawa inayofanya kazi ni moja tu, kwamba ukikatizwa, rudi bolti ya kwanza uzipitie zote. Sekunde zinapotea. Zipotee.

Halafu kuna uchovu, ambao watu wengi huusemea vibaya, kana kwamba ni suala la moyo. Mashine inayotikisika hufanya vidole vife ganzi. Kufanya kazi mikono ikiwa juu ya mabega hupunguza damu inayofika kwenye misuli ile. Mkono wa saa ya kwanza na mkono wa saa ya saba si mkono mmoja, hata ukiwa wa mtu mmoja. Ndiyo maana kubadilishana vituo kila baada ya saa mbili ni sehemu ya ubora wa gari, na kiongozi anayefuta kubadilishana huko siku idadi ya magari inapokuwa nyuma anakata kitu ambacho hakioni.

Kwa hiyo mzoefu ndiye kipimo bora kuliko vyote kwenye laini, na ndiye hatari ambayo karatasi ya ukaguzi haikuiandika. Vyote viwili ni kweli kwa mtu yuleyule, siku ileile.

Kwa muda mrefu jambo hili lilinikera. Nikitafuta nani wa kuaminiwa, taa au mkono, kila upande una tundu.

Kumbe nilikuwa nauliza vibaya.

Mkono unaposita hautoi hukumu kwamba bolti ni mbovu. Unasema tu kwamba hii si kama zile. Na taa inaposema sawa, inasema toki imefika. Vitu hivi havibishani. Vinabishana tu pale ambapo mtu hana ruhusa ya kusimama na kuangalia.

## Kamba

Wazo la kusimama ni la zamani kuliko viwanda vingi vya magari. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda wa Japani alikamilisha mtambo wa kufuma nguo uliojisimamisha wenyewe uzi ukikatika. Mtambo usioweza kujisimamisha uliendelea kufuma kitambaa kibovu hadi mtu aone. Kampuni ya magari iliyotokana na familia yake, iliyoanzishwa mwaka 1937, ililichukua wazo hilo na kuliweka mikononi mwa watu: kamba inayopita juu ya laini, ambayo mfanyakazi yeyote anaweza kuivuta.

Upande wa pili wa bahari mambo yalianza kwa kutosimama. Oktoba 1913, kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan, kilianza kuvuta fremu za magari kwa kamba na winchi mbele ya wafanyakazi. Kuunganisha gari la Model T kulishuka kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Mwaka uleule watu walikuwa wanaacha kazi kwa wingi kiasi kwamba kiwanda kiliajiri zaidi ya watu 52,000 ili kuwa na wafanyakazi wapatao 14,000. Januari 1914 ukaja mshahara wa dola 5 kwa siku. Watu wanaukumbuka mshahara. Mimi nawafikiria wale 52,000, na mikono yao iliyoondoka kabla haijajua chochote.

Kamba za leo zina hekima ambayo aliye nje haioni. Ukiivuta, laini haisimami papo hapo. Taa ya njano inawaka juu ya kituo chako, muziki wa kituo hicho unalia, na gari linaendelea kutembea hadi kwenye alama ya mwisho wa kituo. Kiongozi wa timu ana muda huo wa kufika. Mkimaliza, anaivuta tena na hakuna kilichosimama. Msipomaliza, gari likifika kwenye alama taa inakuwa nyekundu na laini inasimama, kila kituo kikiwa kimekamilisha mzunguko wake ili pasiwe na gari lililoachwa nusu.

Ndiyo maana sekunde ya 41 ni muhimu. Ukivuta sasa, kuna sekunde 19 za kusaidiwa. Ukivuta kwenye sekunde ya 57 umejipa tatu, kwa sababu umetumia 16 kujiuliza kama watakucheka.

Kamba peke yake haina maana. Inategemea sentensi ya kwanza ya kiongozi anapofika. "Nini tena?" inaua kamba kwa mwezi mzima, si kwa aliyevuta tu bali kwa kila aliye karibu akasikia. "Asante, nionyeshe" inaiweka hai. Na lazima aseme hivyo hata pale bolti inapokutwa nzima, hasa pale, maana siku ile ndiyo watu wanayoitazama kujua kama kusita kunaruhusiwa.

Mwaka 1984 General Motors na Toyota walifungua kiwanda cha pamoja huko Fremont, California, ndani ya majengo ambayo GM ilikuwa imeyafunga mwaka 1982. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale wa kiwanda kilichofungwa, waliojulikana kwa migogoro na magari yenye kasoro. Chini ya utaratibu wa kamba walitengeneza magari yenye ubora wa kulinganishwa na yale ya Japani. Mikono ilikuwa ileile.

## Karatasi isiyosema

Kila kituo kina karatasi ya kazi. Ya kituo chetu cha mfano itasema: funga bolti 4, nyutonimita 110, sekunde 22.

Mtu akistaafu, hiyo ndiyo inayobaki.

Haikusema anzisha kwa vidole mizunguko mitatu. Haikusema bolti ya nyuma kushoto ifungwe mwisho, kwa sababu ukianza nayo inaivuta krosmemba na ya mbele kulia haipati tundu lake. Haikusema simama mguu wa kulia mbele, ili mashine ikikaza ghafla iusukume mwili wako badala ya kukukunja kiwiko.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kati ya 1940 na 1945, Marekani ilikuwa na mpango wa kuwafundisha wasimamizi wa viwanda namna ya kufundisha, ulioitwa Training Within Industry. Karatasi yake ya kuvunja kazi inafaa hadi leo, na inashangaza kuona viwanda vinavyoisahau. Ina hatua na jambo la msingi ndani ya kila hatua, na matoleo ya baadaye yakaongeza sababu ya jambo hilo. Sababu ndiyo inayoachwa kwanza karatasi inapofupishwa, na ndiyo inayofanya mgeni asiruke hatua siku akiwa peke yake.

"Anzisha kwa vidole" ni amri. "Anzisha kwa vidole, kwa sababu mashine itafika 110 hata bolti ikiwa upande" ni kitu ambacho mtu hawezi kukisahau tena.

## Bolti ya tatu

Kamba imevutwa. Kinachofuata ni kazi ya utulivu.

Bolti hairudishwi kwa mashine. Nyuzi zilizoshikana zikizungushwa kwa kasi hupata moto na kung'ang'aniana, na unaweza kuing'oa nati yote kwenye bodi. Chukua spana ya mkono, uirudishe polepole robo kwa robo. Ikitoka, iangalie kwenye mwanga: nyuzi mbili au tatu za kwanza zitakuwa zimelala, zina mng'ao, na pengine uzi mwembamba wa chuma umening'inia kama unywele. Bolti hiyo haitumiki tena. Hairudishwi kwenye sanduku hata kwa sekunde moja, inatupwa kwenye pipa jekundu.

Nati inasafishwa kwa tapu, chombo cha kuchonga nyuzi, ya kipimo kilekile, kwa mkono, kisha bolti mpya inaingizwa kwa vidole mpaka mwisho wa mwendo wake huru. Ikigoma, gari linawekwa alama na kwenda eneo la ukarabati. Rekodi yenye kijani inafutwa na kuandikwa upya. Na mtu anapanda laini kuyaangalia magari yaliyotangulia, akirudi nyuma hadi lile la mwisho lenye uhakika, maana kama ni cheche za kuchomelea, haikuruka moja.

Kilichobaki ni namna ya kumfundisha anayekuja. Nimeona njia moja ninayoiamini: ubao wenye nati kumi zilizochomelewa, mbili kati yake zimeharibiwa makusudi, moja kwa cheche, nyingine kwa rangi. Mgeni anafumbwa macho, anapewa bolti kumi, anaambiwa azianzishe kwa vidole na aseme ni zipi. Siku ya kwanza anazikosa zote mbili, au anazitaja tano. Kufikia wiki ya tatu, vidole vyake vinasita mahali pake.

Kila Jumatatu nati mbovu huhamishwa nafasi, ili pasiwe na anayeikariri.